Jinsi Ng'ombe Walivyofika Katika Nchi ya Mbung'o

Wasomaji wetu walio watu wazima wakumbuka vema wakati ambapo mtoto wa pande hizi za Kinjumbi aliweza kukua hata kufikia umri wa kwenda shuleni pasipo kuona kundi la ng'ombe kwa macho yake. Mbuzi aliwajua, kuku na bata aliwajua, na samaki wa Somanga waliletwa vichwani mwa wachuuzi. Lakini ng'ombe alikuwa mnyama wa katika picha ya kitabu. Siku hizi mambo yamegeuka. Makundi hupita asubuhi yakienda kunywa maji, na jioni yakirudi, na vumbi lake huonekana mbali kabla ya kengele yake kusikika. Mara kwa mara huingia katika ufuta wa watu. Ndipo maneno huanza, na baada ya maneno huja fimbo, na wilaya yetu ya Kilwa imekwisha kuzika watu kwa ajili ya ugomvi wa namna hii.

Katika ugomvi huo kila upande una hadithi yake. Mkulima husema, "Wametuvamia." Mfugaji husema, "Tumeletwa." Sisi twaona kwamba afadhali kwanza tuifuate njia ya ng'ombe huyu kwa kurudi nyuma, tukatazame ametoka wapi, na kwa nini zamani hakuwapo, na ni nani alaye nyama yake.

Kwanza, kwa nini hakuwapo? Wageni wengine wa zamani walidhani ya kuwa watu wa Umatumbi na wa pwani ya Kilwa hawakufuga ng'ombe kwa uvivu au kwa kutojua. Sivyo. Aliyekataza ni mbung'o. Inzi huyu hunyonya damu ya nyati, kongoni, nguruwe mwitu na wanyama wengine wa porini, nao hawadhuriki sana, kwa kuwa miili yao imeuzoea ugonjwa alio nao. Akimwuma ng'ombe humtia ugonjwa uitwao nagana: ng'ombe hukonda, macho hutoka machozi, nywele husimama, akafa. Aina nyingine ya mdudu yule yule huleta malale kwa wanadamu. Basi mbung'o hupenda kivuli. Palipo na miti na vichaka na wanyama wa porini, yupo. Palipofyekwa na kulimwa na kukaliwa na watu wengi, hukimbia. Kwa hiyo wazee wetu walipokaa katika vijiji vyao na kulima mtama na mihogo kando kando ya vilima, kulikuwa na mpaka usioandikwa baina ya shamba la mtu na pori la mbung'o, na mpaka huo walioulinda ni watu wenyewe kwa jembe na shoka.

Mpaka huo ulivunjika kwa misiba iliyofuatana. Msiba wa kwanza ni sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Afrika upande wa Eritrea katika mwaka 1887, ukashuka kusini kwa mwendo wa moto wa kiangazi. Mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kuangamiza ng'ombe wa Wamasai, na mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi. Katika sehemu nyingi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi, na nyati kadhalika. Huku kwetu msiba huu haukutugusa sana, maana hatukuwa na makundi. Lakini uligeuza nchi ya bara yote. Palipokuwa malisho paliota vichaka, na wanyama wa porini walipoongezeka tena, upesi kuliko ng'ombe, mbung'o akaja pamoja nao. Na sotoka yenyewe imekaa duniani muda mrefu: hata mwaka 2011 ndipo ilipotangazwa kwamba imekwisha kabisa ulimwenguni.

Msiba wa pili ulikuwa wetu hasa. Katika mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa pamba ya serikali ya Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, lakini vita viliendelea hata 1907, vikaenea mpaka Ungoni. Habari za vita hivyo twazifundisha shuleni kila mwaka. Jambo lisilofundishwa sana ni lile lililofuata. Askari wa Wadachi walichoma vijiji na maghala, wakachukua mbegu, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wako wataalamu wanaohesabu waliokufa kuwa zaidi ya 200,000. Nchi iliyokuwa na watu ikawa haina watu, na mashamba yakarudi kuwa pori. Nguruwe mwitu na tembo wakaingia palipokuwa na nyumba, na mbung'o akaingia nyuma yao.

Tena Wadachi walikuwa wamekwisha kuanza kutenga mapori ya wanyama upande wa Rufiji tangu mwaka 1896, na kuwazuia watu kuwinda kama walivyozoea. Waingereza walipoitwaa nchi waliliita pori hilo Selous, kwa jina la mwindaji mmoja wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Kisha wakalikuza. Katika miaka ya 1940 watu waliokaa magharibi ya Liwale waliondolewa katika vijiji vyao, kwa sababu ya malale, ikasemwa, na mahali pao pakawa pa wanyama. Hivyo pori lililo nyuma ya migongo yetu, ambalo wageni hulipiga picha kama nchi isiyokaliwa na mtu tangu kuumbwa, lina makaburi ndani yake. Tangu 2019 sehemu kubwa ya pori hilo, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Hapa twataka kusema neno moja juu ya mbung'o, ingawa hapendwi na mtu. Kwa muda wa miaka mia alikuwa mlinzi wa misitu yetu, mlinzi asiyetaka mshahara. Mpingo, mninga na mkongo wa Kilwa walibaki wakati misitu ya nchi nyingine ilipokuwa malisho. Si kwamba watu wetu walikuwa wema kuliko wengine.

Sasa tuwageukie wafugaji. Wengi waliokuja kwetu ni Wasukuma, na Wabarabaig, ambao watu huwaita Wamang'ati, na Wamasai kidogo. Nchi zao ziko mbali sana na bahari. Kwa nini waliziacha?

Usukumani nako kulikuwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini, alifanya shauri na watemi wa Shinyanga, na watu wakatoka kwa maelfu kufyeka vichaka. Kazi ile ilifaulu kabisa: mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakaongezeka, pamba ikalimwa. Lakini nchi iliyonyolewa miti haikuweza kuwabeba wote kwa muda mrefu. Nyasi zilikwisha, udongo ukachukuliwa na mvua, na kuni zikawa haba hata watu wakapikia mavi ya ng'ombe. Serikali ya Waingereza iliona jambo hilo, na mwaka 1947 ilianza mpango mkubwa wa kuitengeneza Usukuma na kupunguza mifugo. Watu hawakuupenda, kwa kuwa ng'ombe kwa Msukuma ni akiba, ni mahari, tena ni heshima. Basi wengine walihama na ng'ombe zao kwenda kusini.

Wabarabaig walikuwa na sababu nyingine. Malisho yao yaliyo bora yalikuwa nyanda za chini ya mlima Hanang'. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, serikali yetu ilifanya huko mashamba makubwa ya ngano, yapata ekari 100,000, ili watu wa mijini wapate mkate. Ngano ilipandwa juu ya malisho, hata juu ya makaburi ya wazee wao. Wenye ng'ombe wakatafuta nchi nyingine.

Wengi wa hawa na wale walikutana Usangu, katika Mbarali, mkoa wa Mbeya. Huko kuna bonde pana lenye nyasi, na bwawa la Ihefu, ambamo maji ya Ruaha Mkuu hutulia kabla ya kushuka kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wafugaji walisifu nchi hiyo kama Lutu alivyolisifu bonde la Yordani. Lakini mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka katika kiangazi, jambo ambalo watu hawakuwa wamelizoea, na tangu hapo ukawa unakauka karibu kila mwaka. Viboko walijazana katika madimbwi ya matope. Umeme ulipopungua mijini, watu walitafuta wa kulaumiwa, na lawama ikamwangukia ng'ombe.

Je, ni haki? Sehemu ni haki. Makundi makubwa yalikanyaga kingo za Ihefu na kula majani yaliyokuwa yakihifadhi maji. Lakini wataalamu waliopima maji ya Usangu waliona kwamba mifereji ya mpunga ilikunywa zaidi kuliko ng'ombe wote, maana maji yalitolewa mtoni hata wakati wa kiangazi, ambapo shamba halikuyahitaji. Mpunga wa Mbarali una sifa katika nchi nzima, nao haukufukuzwa. Katika 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji kwa amri. Waliambiwa waende mkoa wa Lindi, nao ni sisi: Kilwa, Lindi, Nachingwea, Liwale. Ng'ombe walipakiwa katika malori, wengine walipitishwa kwa miguu, na wengi walikufa njiani. Mwaka 2008 Ihefu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Hivyo ndivyo ng'ombe alivyofika katika nchi ya mbung'o. Alikuja kwa dawa, kwa maana siku hizi kuna dawa za kumchoma sindano na za kumwogesha, wala mlinzi wetu wa zamani hana tena nguvu kama kwanza. Na barabara nayo ilikuwa imefunguka: daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu siku hiyo mtu wa Kilwa haningojei tena pantoni afike Dar es Salaam. Ng'ombe wa kusini aweza kufika mnada wa Pugu kwa usiku mmoja. Tusisahau: anayemlisha ng'ombe katika pori letu humlisha kwa ajili ya bucha la mjini.

Na pori linatoa nini? Ng'ombe mmoja katika joto la huku hunywa lita 30 kwa siku, na pengine zaidi. Basi kundi la ng'ombe 200 litakunywa lita 6,000, nayo ni ndoo 300 za lita 20. Mama anayeteka ndoo mbili asubuhi na mbili jioni angepata maji ya siku 75 kutoka katika kile ambacho kundi moja hunywa kwa siku moja. Hesabu hii watoto wa darasa la nne waweza kuifanya, na twapenda waifanye. Mto Matandu ni mpana wakati wa masika, lakini mwezi wa Oktoba watu wa kando kando yake huchimba mchanga kutafuta maji, na hapo ndipo ng'ombe na mama hukutana.

Halafu kuna moto. Mchungaji wa ng'ombe huchoma pori mwishoni mwa kiangazi ili majani mabichi yachipuke. Majani huchipua kweli, lakini miche midogo ya miti hufa, na moto ukirudiwa kila mwaka msitu hauzai warithi. Mpingo ni mti wa polepole mno. Hutaka miaka 70 hata 100 kabla haujafaa kukatwa. Tena kwato huukandamiza udongo, mvua ya kwanza haiingii chini, hukimbia juu yake ikichukua rutuba.

Lakini na tuwe wakweli. Moto si wa mfugaji peke yake. Sisi wakulima tumekuwa tukifyeka msitu mpya kwa ajili ya ufuta, tukalima miaka michache, tukauacha, tukafyeka mwingine. Shoka letu limeangusha miti mingi katika Kilwa, nalo halina pembe wala mkia. Mavi ya ng'ombe, ambayo twayaona ni uchafu tu, yangeweza kurudisha nguvu ya shamba lile lile na kutuepusha kufyeka jipya. Katika nchi nyingine mkulima humwomba mfugaji alaze kundi lake shambani mwake baada ya mavuno, na kumshukuru.

Sasa tupande juu kidogo tuutazame ulimwengu, kwa maana habari hii si ya Kilwa tu. Katika mwaka 2018 wataalamu wawili, Poore na Nemecek, walitoa hesabu ya mashamba ya nchi nyingi. Waliona kwamba nyama, maziwa, mayai na samaki wa kufugwa huchukua 83 katika kila sehemu 100 za ardhi ya kilimo na malisho ulimwenguni, lakini huwapa wanadamu 18 tu katika kila sehemu 100 za nguvu ya chakula. Katika Brazili msitu mkubwa wa Amazon umekatwa zaidi kwa ajili ya malisho ya ng'ombe kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Tena kuna jambo ambalo wazee wetu wasingeliamini: ng'ombe acheuapo hupiga mbweu, na katika mbweu hiyo mna hewa iitwayo methani, ambayo hushika joto la jua kuliko moshi wa kawaida na kulizuia lisitoke. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilihesabu mwaka 2013 kwamba mifugo hutoa 14.5 katika kila sehemu 100 za hewa zote zinazotiwa na wanadamu na kuupasha ulimwengu joto.

Msomaji ataogopa kwamba twataka kumwambia aache nyama. La. Mtanzania mmoja, kwa hesabu ya serikali, hula yapata kilo 15 za nyama kwa mwaka mzima. Mmarekani hula zaidi ya kilo 100. Na hizo 15 hazigawanywi sawasawa. Katika nyumba nyingi za huku kitoweo ni kisamvu, kunde, mbaazi na dagaa, na nyama ni ya Krismasi na Pasaka na ya harusi. Mtoto aliyekonda akipata yai au kikombe cha maziwa, twamshukuru Mungu. Atakayeulizwa kupunguza kwanza hakai Kinjumbi. Lakini mvua zikiharibika, ufuta unaokauka ni wetu, wala si wake.

Twafundisha watoto habari ya Ibrahimu na Lutu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Wachungaji wao waligombana kwa sababu nchi haikuweza kuwachukua wote pamoja, na Ibrahimu akamwambia mwenziwe achague upande, yeye ataenda upande wa pili. Ni hadithi nzuri ya amani. Lakini twaona aibu kidogo kuifundisha mbele ya watoto wa wafugaji waliomo darasani, maana kwao hakuna upande wa pili. Walifukuzwa Hanang' na ngano, walitoka Usukumani kwa sababu nchi ilichoka, waliondolewa Usangu kwa ajili ya maji ya umeme, na mbele ya Lindi ni Mtwara na Tunduru, kisha mto Ruvuma.

Kwa hiyo neno lililobaki ni mpaka, na mpaka huu hautawekwa na mbung'o. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa mgeni kupewa nchi. Vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya yetu viliutumia uwezo huo: vilitenga misitu yao, vikaipima, na mwaka 2009 vikapata hati ya kimataifa ya kuuza mpingo uliotunzwa vema, wa kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji. Mpingo ule hufanywa zumari za Ulaya, na fedha yake hurudi kijijini.

Mahali pengine mpango wa matumizi ya ardhi umechorwa, ukatiwa sahihi, ukakaa katika kabati la ofisi, na mfugaji hajaonyeshwa hata siku moja mstari wa malisho yake uko wapi. Twawasihi wenyeviti wa vijiji waitoe ramani hiyo kabatini kabla ya kiangazi, wawaite wakulima na wafugaji wasimame pamoja juu ya mipaka yenyewe kwa miguu yao, na waanze na njia za maji: kisima kipi ni cha watu, birika la ng'ombe litajengwa wapi, na kundi litapita upande gani wa mashamba ya ufuta ili kulifikia.